Soma Kitabu Kwanza, Ndipo Ukiguse Kiti

Ndugu mwenyekiti, wahandisi, wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi, wajumbe wa kamati za ujenzi na mapokezi, na ninyi mafundi na wazabuni wa samani mliokubali kukaa chumba kimoja na watu wanaowakagua: habari za asubuhi, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa mawasilisho ya samani. Kwa wale ambao si wa fani yetu, mawasilisho ni karatasi, michoro na sampuli ambazo mkandarasi humpelekea mshauri elekezi kabla hajanunua wala kutengeneza chochote, ili ithibitike kuwa anachotaka kuleta ndicho kilichoandikwa kwenye mkataba. Vigae vina mawasilisho yake, nyaya za umeme zina yake, milango ina yake. Samani nazo zina yake, na ninaamini ndizo zinazokaguliwa kwa uzembe kuliko vitu vyote katika majengo yetu ya umma.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, samani huja mwisho. Msingi unachimbwa watu wakiwa na nguvu na fedha zikiwepo. Samani zinafika jengo limeshapakwa rangi, tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, mgeni rasmi ameshaalikwa, na kila mkubwa anauliza viti viko wapi. Hapo anayesema "hiki hakilingani na mkataba" anaonekana mchawi wa mradi. Sababu ya pili naiona kubwa zaidi. Kila mtu amekalia kiti tangu utotoni, kwa hiyo kila mtu anadhani anakijua. Hakuna mjumbe wa kamati atakayegonga nguzo ya zege kwa kiganja na kusema iko imara, tuipokee. Lakini kiti tunakigusa, tunakikalia, tunajizungusha kidogo, tunasema kiko vizuri, tunasaini.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine nitakayosema leo yanatoka humo. Ukiletewa mawasilisho ya samani, usianze na sampuli. Anza na kitabu cha spesifikesheni, yaani kile chenye masharti ya kiufundi ya mkataba. Kisome kifungu kinachohusika chote, na kabla hujafungua faili la mkandarasi, chukua karatasi uandike kila sharti linaloweza kupimwa kwa kifaa au kuthibitishwa kwa hati. Sharti moja, mstari mmoja. Pembeni acha nafasi mbili: alicholeta mkandarasi, na tofauti iliyopo. Karatasi hiyo ikishajaa upande wa kushoto, ndipo ufungue faili, na sampuli iwe ya mwisho kabisa.

Kwa nini nang'ang'ania utaratibu huu? Wahenga walisema kizuri chajiuza, na sampuli hutengenezwa ijiuze. Imetengenezwa na fundi bora wa karakana, kwa muda wa kutosha, ikapigwa msasa mara mbili, ikafutwa vumbi, ikaletwa imefungwa blanketi. Ukiiona kwanza, macho yanakubali, na kuanzia hapo unasoma kitabu ukitafuta maneno ya kuunga mkono ulichokwisha kukipenda. Ukianza na kitabu, unaitazama sampuli ukiwa na maswali mkononi.

Kwenye miradi inayofadhiliwa kutoka nje mtakutana na vitabu vilivyopangwa kwa mfumo wa Marekani, ambamo samani ni fungu la 12, na kila kifungu kina sehemu tatu: taratibu, bidhaa na ufungaji. Wakaguzi wengi hukimbilia sehemu ya pili, ile ya bidhaa, kwa sababu ndiyo yenye vipimo. Isomeni ya kwanza pia. Humo ndimo mlimoandikwa mkandarasi alete nini na nini: taarifa za mtengenezaji, michoro ya karakana, sampuli ngapi na za ukubwa gani, ripoti za maabara, dhamana ya miaka mingapi, maelekezo ya utunzaji. Kama kitabu kinataka vitu sita na faili lina vitatu, ukaguzi umeishia hapo. Rudisha faili siku hiyo hiyo ukisema kinachokosekana. Usilikague nusu, maana likirudi utalazimika kulikagua upya lote, na mkandarasi atahesabu siku zote hizo kuwa ucheleweshaji wako.

Sasa twende kwenye kitu chenyewe. Tuchukue kiti na meza ya mwanafunzi wa shule ya msingi, na tuseme kitabu kimeazima vipimo vya kiwango cha Ulaya EN 1729, kama vitabu vingi vinavyofanya. Kiwango hicho kinagawa samani za shule kwa namba kulingana na urefu wa mtoto, na kila namba ina rangi yake. Namba 2, ya zambarau, ni ya mtoto mwenye urefu wa kati ya sentimita 108 na 121: kiti milimita 310 kutoka sakafuni, meza milimita 530. Namba 4, nyekundu, ni ya mtoto wa sentimita 133 hadi 159: kiti milimita 380, meza 640. Namba 5, ya kijani, kiti chake ni 430 na meza 710.

Kitabu kimetaka namba 2 kwa madarasa ya chini na namba 4 kwa ya katikati. Mkandarasi ameleta kiti kimoja, kizuri, cha milimita 430, na barua inayosema "kinafaa kwa madarasa yote". Mkikikalia ninyi hapa hamtaona kasoro, kwa kuwa ninyi ni watu wazima. Mtoto wa darasa la kwanza akikikalia, miguu inaning'inia sentimita kumi na kitu juu ya sakafu, ukingo wa kiti unambana chini ya mapaja, anasogea mbele ili vidole viguse chini, mgongo unaacha egemeo, na meza inamfika kifuani. Atakaa hivyo saa nne au tano kwa siku, miaka yote ya madarasa ya chini. Mtoto huyo hana mjumbe kwenye kikao chetu. Mjumbe wake ni ule mstari mmoja wa spesifikesheni, na sisi ndio tuliopewa kazi ya kuusoma.

Sasa fremu. Kitabu kimeandika bomba la mraba la chuma, milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5. Michoro ya mkandarasi inasema hivyo hivyo. Lakini sampuli imeshachomelewa, imepakwa rangi, ncha zimezibwa kwa vizibo vya plastiki. Unene utauonaje? Zipo njia mbili, na zote hazina gharama. Ya kwanza, ng'oa kizibo cha mguu mmoja upime ukingo wa bomba kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, na ukumbuke kutoa unene wa rangi. Ya pili, dai kipande cha bomba lenyewe kabla halijakatwa, ukiweke kwenye mizani. Bomba hilo la urefu wa mita 6 likiwa la milimita 1.5 lina uzito wa takriban kilo 6.6. Likiwa la milimita 1.2, takriban kilo 5.4. Kwa macho huwezi kuyatofautisha kabisa, lakini mizani inakuambia kuwa karibu sehemu moja ya tano ya chuma haipo. Kwenye kiti kimoja ni jambo dogo. Kwenye viti elfu moja ni fedha nyingi iliyolipwa kwa chuma ambacho hakikuletwa, na ni miguu itakayopinda mapema mahali ilipochomelewa.

Na mkiwa hapo kwenye kuchomelea, kigeuzeni kiti. Kitabu kikisema kiungo kichomelewe kuzunguka pande zote, angalieni upande wa ndani, ule unaotazamana na sakafu. Mara nyingi upande wa nje umechomelewa vizuri na kusagwa laini, na wa ndani una nukta mbili. Kiungo cha hivyo hakivunjiki siku ya mapokezi. Kinavunjika mwanafunzi anapoegemea nyuma kwa miguu miwili, na sote tunajua kwamba wanafunzi hukaa hivyo.

Mbao za viwandani nazo zina mambo yake. Chipubodi, ya vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, na MDF, ya nyuzi laini za mbao, ni vitu vizuri vikitumika panapostahili. Adui yao ni maji, na maji yanaingilia ukingoni. Kwa hiyo kitabu kikitaka ukingo ufungwe kwa utepe wa plastiki ya PVC wa milimita 2, halafu sampuli ikaja na karatasi ya milimita 0.4, usiseme ni utepe tu. Ule mwembamba utabanduka kwa kuguswaguswa, na kila asubuhi deki ikipitishwa, mguu wa kabati utakunywa. Angalieni ukingo wa chini, ule usioonekana. Karakana nyingi huufunga ukingo wa mbele na kuuacha wa chini uchi, na huko ndiko deki inakopita.

Halafu kuna ile bodi ya kijani. Mzabuni anakata kipande, anaonyesha katikati kuna rangi ya kijani, anasema hii haisikii maji. Kijani kile ni rangi iliyotiwa kiwandani kama alama ya kutambulisha bodi. Yenyewe haizuii kitu. Kinachozuia ni aina ya gundi, na ushahidi wake ni hati inayoonyesha daraja la bodi. Kwa chipubodi inayofuata viwango vya Ulaya utatafuta EN 312 aina ya P3, na kwa MDF utatafuta alama ya MDF.H ndani ya EN 622-5. Hati isipokuwepo, mstari ule kwenye karatasi yako ubaki wazi, hata bodi ingekuwa kijani kama jani la mgomba.

Kwa mbao za asili nitasema jambo moja ambalo limeshika kasi tangu Serikali ihamie Dodoma. Samani nyingi za ofisi zinatengenezwa Dar es Salaam na kupelekwa bara. Mbao hupokea na kutoa unyevu kufuatana na hewa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani yetu, huiacha mbao na unyevu wa karibu asilimia 16. Hewa ya asilimia 50 huishusha hadi karibu 9. Meza iliyounganishwa Temeke wakati wa mvua, ikapelekwa Mtumba wakati wa kiangazi, itasinyaa. Juu ya upana wa sentimita 60 inaweza kupoteza milimita kadhaa, kutegemea mti na namna ulivyopasuliwa. Ndipo mnaona viungo vinaachana na kioo cha vanishi kinapasuka, na lawama zote zinamwangukia seremala. Kitabu kikisema unyevu usizidi asilimia 12, kipimo kifanyike karakanani mbele yako, kwa mita ya unyevu, kwenye mbao zilizopangwa kutumika. Usitosheke na sampuli iliyokaa wiki mbili kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Na mti wenyewe uthibitishwe. Mninga umeandikwa, mninga uje, pamoja na nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu zinazoonyesha ulikotoka. Rangi ya vanishi inaweza kuugeuza mti mwingine kabisa ukaonekana mninga.

Nihamie kwenye hati, maana hapa ndipo wakaguzi vijana wanapopotea kwa kuheshimu mihuri. Faili linakuja na kurasa sitini, nembo za rangi, saini za wageni. Ulizeni maswali manne. Nani amepima? Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na hilo linaweza kuhakikiwa kwa chombo kinachotoa ithibati, kama SADCAS kwa nchi za SADC au KENAS kwa Kenya. Amepima lini? Amepima nini hasa, na je, namba ya bidhaa kwenye ripoti ndiyo namba iliyo kwenye mawasilisho? Na amepima kwa kiwango kipi, toleo gani? Cheti cha ISO 9001 kinawekwa karibu kila faili. Kinaeleza kuwa kiwanda kina mfumo wa kusimamia ubora. Kuhusu kile kiti hakisemi chochote, kwa hiyo hakiwezi kujaza mstari hata mmoja wa karatasi yako.

Mfano wa ripoti inayodanganya bila kusema uongo ni ya moto. Hoteli ya Zanzibar inaagiza makochi ya ukumbini. Kitabu kinataka BS 7176, kiwango cha Uingereza cha kuhimili moto kwa samani za kitambaa na sponji, daraja la hatari ya kati, ambayo ndiyo inayotajwa kwa hoteli. Maana yake kochi lipite majaribio matatu: sigara inayofuka, mwali mdogo unaolingana na kiberiti, na chanzo namba 5, yaani kifurushi cha vijiti vya mbao kinachowashwa juu ya kiti. Mkandarasi analeta ripoti safi kabisa inayoonyesha kupita mawili ya kwanza. Hiyo ni hatari ya chini, ya maofisini na shuleni. Ukisoma harakaharaka utaona neno "imefaulu" na utapiga muhuri. Na kuna mtego wa pili: jaribio lazima lifanywe kwa kitambaa na sponji vikiwa pamoja, kama vitakavyokuwa kwenye kochi. Ripoti ya kitambaa peke yake haikuambii kitakachotokea chini yake, na sponji ndiyo inayotoa ule moshi mweusi unaoua watu kabla moto haujawafikia.

Ndugu zangu, hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, moto uliwaua wavulana 67 bwenini. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21 walikufa katika bweni. Kwetu pia tumezika watoto wa mabweni, na wengi wenu mnakumbuka moto wa shule ya wasichana ya Shauritanga. Moto huanza kwa sababu mbalimbali na si kazi yangu leo kuzichambua. Lakini ukishaanza, mtoto aliyelala anatakiwa ashuke kitandani gizani, apite kati ya vitanda, afike mlangoni. Njia hiyo imechorwa. Imo kwenye mchoro wa mpangilio wa samani, karatasi ambayo katika miradi mingi hupigwa muhuri bila mtu kuweka rula juu yake.

Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu ya Kenya, wa mwaka 2008, unataka nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita 2. Fanyeni hesabu nami. Bweni lina ukuta wa mita 21, vitanda vina upana wa sentimita 90. Vitanda kumi vinakula mita 9, na nafasi tisa za mita 1.2 zinakula mita 10.8. Jumla mita 19.8. Cha kumi na moja hakiingii. Kwa kuta mbili ni vitanda ishirini, vikiwa vya dabodeka ni watoto arobaini. Mkandarasi analeta mchoro wenye vitanda kumi na sita kila upande, kwa sababu ndivyo alivyoombwa kwa mdomo na mwenye shule. Vitanda vinakula mita 14.4, zinabaki mita 6.6 za kugawana nafasi kumi na tano. Kila nafasi sentimita 44. Mtu mzima anapita kiubavu. Watoto wawili wanaokimbia hawapitani.

Mchoro huo ukiupitisha, umepitisha bweni la watoto sitini na nne mahali pa arobaini. Mkandarasi hakufanya kosa la kiufundi, vitanda ni vizima, rangi ni nzuri, uchomeleaji umekamilika. Kosa limo katika nafasi tupu, na nafasi tupu haina sampuli ya kuletewa. Inaonekana kwenye kitabu na kwenye rula tu. Mkandarasi akikuambia mwenye shule ndiye aliyetaka, mjibu kwa maandishi, umnakili mwenye shule, ukitaja kifungu. Godoro nalo lina kiwango chake cha moto, BS 7177 kwa vitabu vinavyofuata Uingereza. Kikiwa kimeandikwa, kidaini. Kama hakikuandikwa na jengo ni bweni, mwandikieni mbunifu mapema aulizwe kwa nini.

Nije kwenye maneno matatu yanayozua ugomvi mwingi: "au inayolingana nayo". Taratibu za ununuzi wa umma huyataka yawepo pale inapotajwa chapa ya kampuni, na ni haki, ili mlango usifungiwe wengine. Lakini mzigo wa kuthibitisha kulingana uko kwa anayedai kulingana. Mkandarasi akileta kiti kingine, alete pia jedwali linalolinganisha sharti kwa sharti, pamoja na ushahidi wa kila moja. Asilete picha na bei. Na sisi wakaguzi tusimfanyie kazi hiyo. Nimewaona vijana wenye bidii wakikesha kwenye intaneti kumtafutia mkandarasi ushahidi ambao yeye mwenyewe hakujisumbua kuutafuta.

Upande wa pili wa haki hiyo ni mafundi wetu. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, anaweza kutengeneza kiti kinachodumu kuliko vingi vinavyotoka ng'ambo, na bado faili lake likakosa ripoti hata moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kiti kinapelekwa maabara. Msimkatae kwa sababu ya wembamba wa faili, wala msimpitishe kwa sababu ni wa nyumbani. Mwambieni mapema, mkataba ukiwa mchanga, kwamba atatengeneza kiti kimoja cha mfano kipelekwe kupimwa, Shirika la Viwango Tanzania liulizwe linapima nini na kwa gharama gani, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei yake tangu zabuni. Kikianguka, ataona kilipoangukia na atarekebisha. Huko ndiko kumwinua fundi. Kumpunguzia masharti kunamwacha alipo, na mwaka ujao zabuni inakwenda tena nje.

Neno "mapema" nalirudia kwa makusudi. Wote mmewahi kusikia "mzigo uko baharini". Mkandarasi ameagiza kabla ya idhini, sasa anakuletea mawasilisho ya vitu ambavyo vimeshapakiwa kwenye kontena, na anakuomba umwelewe. Ukaguzi unafanywa kwa kitabu kile kile, kwa karatasi ile ile. Hasara ya kuagiza bila idhini ni yake, mkataba uko wazi. Lakini nanyi jipangeni asipate kisingizio. Mwanzoni kabisa mwa mradi daini ratiba ya mawasilisho inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya makabidhiano: ufungaji, usafirishaji, forodha, utengenezaji, muda wa kukagua, na muda wa kukagua mara ya pili iwapo ya kwanza itakataliwa. Mtakuta kwamba samani za kuagiza nje zinatakiwa ziletwe mezani wakati kuta bado zinajengwa. Makabati ya kufunga ukutani ni tofauti kidogo. Michoro yake ya karakana isubiri plasta ikauke, ipimwe ukutani kwenyewe, maana ukuta wa kwenye mchoro na ukuta wa fundi huwa hawafanani.

Kisha jibu lako. Majibu ni manne: imeidhinishwa, imeidhinishwa kwa marekebisho yaliyoandikwa, irekebishwe iletwe upya, imekataliwa. Chagua moja. "Imeonwa" si jibu. "Sawa ila mkandarasi ahakikishe ubora" si jibu pia, kwa kuwa haimwambii mtu afanye nini. Kila maoni yataje kifungu, kipimo kilichotakiwa na kipimo kilicholetwa. Kwa mfano: "Unene wa bomba ni milimita 1.2, kifungu kinataka 1.5, leteni upya." Sentensi kama hiyo hata mkandarasi asipoipenda hawezi kuibishia.

Na tusitumie kalamu ya ukaguzi kudai ambacho hakikuandikwa. Kitabu kikisema melamini, ukatamani venia ya mninga, yaani utando mwembamba wa mbao halisi, huo ni uboreshaji, una gharama, na unapita kwenye agizo la mabadiliko lenye bei. Kumwandikia mkandarasi "badilisha" pembeni mwa mchoro ni kumwibia. Mkandarasi aliyewahi kufanyiwa hivyo mara moja, mara ya pili anaweka fidia yake kwenye bei, na anayelipa ni mwananchi.

Kuna wanaoogopa kusaini wakidhani wakishaidhinisha, kosa la mkandarasi linakuwa lao. Wapo pia makandarasi wanaoamini hivyo hivyo. Kitabu chekundu cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambacho ni mkataba wa mfano wa ujenzi wa mwaka 1999, kifungu cha 3.1, kinasema waziwazi kwamba idhini, ukaguzi au ukimya wa mhandisi haumwondolei mkandarasi wajibu wake. Kifungu cha 7.2 kinataka kila sampuli iwe na lebo ya ilikotoka na itakapotumika. Fuateni hilo la lebo kikamilifu. Kila mawasilisho yawe na namba, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kujibiwa na jibu lenyewe, yote kwenye daftari moja, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

Sampuli ikishaidhinishwa, isainiwe na pande zote mahali pasipofutika, chini ya kiti au nyuma ya droo, kisha ifungiwe kwenye chumba chenye ufunguo hapo hapo mradini. Isiazimwe ofisini kwa mkubwa, na isirudishwe karakanani "ili mafundi waitazame". Mafundi wapewe ya pili. Siku mzigo unapofika, itolewe, iwekwe katikati ya sakafu, na viti vichukuliwe kutoka nyuma na chini ya lori, visichukuliwe vile vya mlangoni. Vigeuzwe miguu juu. Vernia, tepu na mizani viwepo, pamoja na ile karatasi yenu ya masharti, na kila mjumbe wa kamati ya mapokezi apewe mistari yake ya kukagua. Sampuli hiyo iendelee kutunzwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe, hata kama mkandarasi ameshalipwa karibu fedha zote, kwa sababu mguu ukivunjika mwezi wa nane, mtahitaji kujua kama kilicholetwa ndicho mlichokubaliana.

Asanteni sana. Karibuni kwa maswali, na naomba mafundi waanze.